LIVU YA NYUMBANI BILA DENI

(Maneno yaliyosemwa na mwenzetu wa yadi mbele ya mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama ambao walikuwa zamu siku ile wasiweze kuhudhuria.)



Mmetutaka tuseme juu ya livu. Labda wengine walitazamia kuletewa mtu wa elimu kubwa, na badala yake mmepewa sisi, ambao tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha tukaingia kazini. Kazi yetu mnaijua: kufunga mabehewa na kuyafungua, usiku na mchana, mvua na jua. Lakini katika jambo hili la livu tuna ushahidi, kwa kuwa tumepata kuitumia vibaya sana, na baadaye tukaitumia vizuri. Hayo mawili yametufundisha neno moja tu, nalo ndilo tulilokuja kuwaambia: kupumzika hakuna gharama kubwa. Kinachotumaliza ni kuogopa aibu.

LIVU SI ZAWADI

Kwanza tukumbushane livu ni kitu gani. Wako wenzetu wanaokwenda kuiomba kwa nyapara wameinamisha kichwa, kama mtu aendaye kukopa. Ndugu zangu, livu si hisani ya mtu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 28, yampa mfanya kazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Angalieni maneno hayo: siku za kazi. Siku yako ya mapumziko ya kila juma haihesabiwi humo. Tena sheria yasema kwamba livu ikigawanywa kwa mapatano, fungu moja liwe la majuma mawili yasiyokatwa, ila kama mapatano yamesema vingine. Maana yake ni kwamba walioandika sheria walijua kuwa siku moja leo na siku moja mwezi ujao haziuponyi mwili.

Wala haki hii haikuota yenyewe kama uyoga. Mapatano ya kwanza ya Shirika la Kazi Duniani juu ya livu ya mshahara yalifanywa mwaka 1936, na kiasi chake kilikuwa siku sita tu za kazi kwa mwaka. Mwaka 1970 mapatano mapya yakapandisha kiasi hicho hadi majuma matatu. Kutoka siku sita mpaka majuma matatu ni safari ya miaka 34, na katika nchi nyingi waliosukuma gari hilo walikuwa wafanya kazi katika vyama vyao. Basi mtu anayeiacha livu yake ipotee anatupa kitu ambacho wengine walikihangaikia kabla yeye hajazaliwa.

MWENZETU ALIYEKOSA KULALA

Sasa tuseme habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake hatutalitaja, ingawa ametupa ruhusa, wala hatutaitaja ofisi aliyokuwa akitumikia wakati ule. Alikuwa na watoto wawili katika shule za sekondari. Mwaka wa kwanza akaomba alipwe fedha badala ya livu, akapewa, akalipa karo. Mwaka wa pili akafanya vilevile. Mwaka wa tatu akasema, mambo ni yaleyale, watoto ni walewale. Ikawa miaka mitatu hakupumzika majuma mawili mfululizo, na katikati ya zamu zake alikuwa akibeba mizigo sokoni.

Usiku mmoja, kama saa tisa, alikuwa kati ya behewa na behewa. Yeye mwenyewe asema hakulala. Asema aliona giza kidogo tu, kama mtu anayepepesa macho. Alipofungua macho, vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwisha kwenda. Ninyi mnaofanya kazi ile mnajua kwamba alikuwa na bahati. Wengine wanaopepesa macho pale hawafungui tena.

Hatumlaumu. Karo ni karo, na mshahara tunaujua. Lakini tufanye hesabu sawasawa. Fedha alizopata kwa livu tatu, ziweke upande mmoja. Vidole viwili, miezi ya kukaa bila kazi, na mke aliyeuza cherehani yake, viweke upande wa pili. Nani katika mkutano huu atasema kwamba biashara ile ilikuwa na faida?

Katika reli uchovu wa mtu mmoja si shauri lake peke yake. Anayechoka kwenye pointi anamwua dereva. Fundi aliyechoka akisahau kukaza nati moja, abiria ambao hajawaona maishani ndio watakaolipa. Kwa hiyo kupumzika ni sehemu ya kazi yetu, kama vile kuangalia breki.

NYUMBANI NI WAPI?

Wengi wenu mtasema, "Sisi hatukuuza livu. Tunakwenda nyumbani kila mwaka." Vema. Lakini tuulizane, nyumbani ni wapi, na tukienda tunarudi na nini?

Mfanya kazi wa Kenya akisema "nakwenda nyumbani," hana maana ya chumba anacholala. Ana maana ya kijiji, mashambani, kwa wazazi. Desturi hii ina chanzo chake. Katika siku za ukoloni nyumba nyingi za wafanya kazi wa mjini zilijengwa kama vyumba vya mwanamume peke yake, kana kwamba hakuoa wala hakuzaa. Mke alibaki shambani. Basi livu ilipofika, bila shaka mtu alikwenda kumwona mkewe na watoto. Na wazee wetu waliotumikia Reli ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika mwaka 1977, walikuwa na pasi za kusafiria, hivyo nauli haikuwauma.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mke wetu yuko hapa Nairobi, watoto wanasoma hapa, na nauli tunalipa kama watu wengine. Sababu ya safari imepungua, lakini desturi imebaki palepale, tena imeongezewa mizigo.

Tuwape mfano wetu wenyewe. Miaka miwili iliyopita tulichukua livu mwezi wa Desemba. Tulikuwa na fedha kidogo, tukaona haya. Mithali yasema mkono mtupu haulambwi. Basi tukachukua mkopo kwa simu, na ulipokuwa hautoshi tukachukua wa pili, mahali pengine. Tukanunua sukari, mafuta, mablanketi, viatu vya watoto, na suti moja ambayo tangu siku ile tumeivaa mara mbili. Nauli ya Desemba mnaijua ilivyo: watu watano, na kila kiti kimepanda bei.

Tulipofika, tulipokewa kwa furaha kweli. Lakini kila siku tangu asubuhi wageni walikuwa uani. Huyu ana mtoto wa kulipiwa karo, yule ana mgonjwa, na wa tatu alikuja tu kutazama suti. Hatukupata siku moja ya kulala mpaka jua litoke. Mke wetu alipika tangu alfajiri mpaka usiku, siku kumi na tisa. Tukarudi Nairobi siku moja kabla ya zamu, miguu imevimba, na deni tukalilipa mpaka mwezi wa Juni.

Ndugu, ile ilikuwa livu gani? Tuliondoka tumechoka, tukarudi tumechoka zaidi, tena tumefilisika.

TULIVYOFANYA MWAKA JANA

Mwaka jana tukakaa chini na mama watoto, tukasema: safari hii tutapumzika hapahapa tunapolala. Tukaandikisha livu ya mwezi wa Agosti, wakati watoto wamefunga shule. Tukaanza kuweka fedha kidogo kila juma, na mwenye kuziweka hakuwa sisi, alikuwa mama, katika kikundi chao cha akina mama cha ploti. Mwisho zikafika shilingi 6,000. Hakuna aliyeingia dukani kukopa.

Siku tatu za kwanza tulilala tu. Hatuoni haya kusema hivyo. Mtu aliyefanya zamu za usiku mwaka mzima, usingizi wake umekuwa kama nguo iliyoraruka, yataka kushonwa polepole. Siku ya nne tukaamka saa kumi na mbili wenyewe, bila kengele, na kichwa chepesi.

Hapo jambo la kuchekesha likatokea. Majirani walipotuona mchana uani, siku ya Jumanne, tumekaa kwenye kigoda tukimenya viazi, wakanong'ona. Jioni mwenye ploti akaja kutusalimu, akauliza habari za afya, kisha akauliza kwa upole kama kodi ya mwezi ujao itapatikana. Na binti yetu wa miaka tisa akatujia akasema, "Baba, kwani umefutwa kazi?" Tukacheka, lakini baadaye tukakaa kimya. Mtoto wa miaka tisa hajapata kumwona baba yake nyumbani mchana isipokuwa akiwa mgonjwa. Akimwona mzima, anafikiri kuna msiba.

Juma la pili tulitembea. Mwajua mji huu una mahali pa kupumzika ambapo mtu wa mshahara mdogo aweza kwenda, ila sisi tunapita karibu kila siku hatuingii. Tulikwenda kwenye ile bustani ya miti, Arboretum, tukiwa na chai katika chupa, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha. Wengi hawajui kwamba bustani ile ni jamaa yetu. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua upesi, ipatikane kuni za magari ya moshi ya Reli ya Uganda. Kijana wetu alipoyasikia hayo akaenda kuukumbatia mti mmoja mkubwa, akasema, "Huu ulikuwa chakula cha gari." Tukalala kwenye majani mpaka jua lilipoinama. Hatujui ni lini mara ya mwisho tuliyatazama mawingu bila kuogopa mvua.

Siku nyingine tulikwenda Jumba la Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa mwaka 1971, karibu na stesheni. Tumefanya kazi reli miaka kumi na mitatu, na mke wetu hakuwa amepata kuona kazi yetu ikoje. Tukawaonyesha gari kubwa la moshi nambari 5918, liitwalo Mount Gelai, moja ya yale ya aina ya 59 yaliyoletwa kutoka Uingereza katikati ya miaka ya 1950, na kila moja likapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Tukawaonyesha mahali mkono wa mfungaji unapopita kati ya behewa na behewa. Mama watoto akapatazama sana, hakusema neno. Baada ya hapo hajapata kutuuliza tena kwa nini tukirudi zamu ya usiku hatutaki kelele.

Watoto wao walipenda behewa ambalo ndani yake simba alimkamata ofisa wa polisi jina lake Ryall, huko Kima, mwaka 1900. Sisi tukawaambia na habari za wengine: kwamba kati ya mwaka 1896, reli ilipoanza Mombasa, na mwaka 1901 ilipofika ziwani Kisumu, vibarua wapatao 2,500 kati ya wale walioletwa kutoka India walikufa, wengi kwa magonjwa. Watoto wafaa kujua kwamba njia ya reli imetandikwa juu ya migongo ya watu.

Juma la tatu tulipaka chumba rangi, tukatengeneza kitanda kilichokuwa kikilia mwaka mzima, na jioni tukacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Binti yetu alitushinda mara nne.

MAMA NAYE ANA LIVU

Hapa yatupasa kusema neno ambalo wanaume wengine hawatalipenda. Livu ya baba ikiwa ni kukaa kitini na kuagiza chai, basi mama ameongezewa kazi, hakupewa pumziko. Yeye hana kifungu cha 28. Mwanamke aliye mwanachama wetu aweza kuwa na karatasi ya livu mkononi, na bado akaamka saa kumi na moja kuwasha jiko.

Basi tukagawana. Sisi tulichota maji na kupika chakula cha mchana, watoto waliosha vyombo, na kila Jumatano mama hakugusa kitu. Jumatano ya kwanza hakujua afanye nini, akawa anazungukazunguka. Ya pili akaenda kumwona dada yake Kawangware, akarudi jioni akicheka. Wanaume wa ploti walitucheka kwa sababu ya ndoo, lakini mwisho wa juma wawili kati yao tuliwakuta kwenye bomba, wamejificha nyuma ya tangi na ndoo zao.

HESABU

Katibu wetu hapendi maneno bila hesabu, basi hii hapa. Nyama, mchele na viungo kwa Jumapili tatu, shilingi 2,400. Matembezi mawili kwa watu watano, nauli na viingilio, shilingi 1,900. Rangi, misumari na mbao, shilingi 900. Jumla shilingi 5,200. Zikabaki 800, nazo tukampelekea mama yetu mzazi kwa simu.

Mtauliza, je, mama hakukasirika? Tuliogopa sana jambo hilo. Tulimpigia simu mapema tukamwambia kweli: mwaka huu hatuji Desemba, hatuna fedha, na mwili umechoka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mwaka ule ulikuja na gunia la sukari, lakini mimi sikukuona. Ulikuwa na wageni." Basi mwezi wa Februari, nauli iliposhuka, tulikwenda sisi peke yetu kwa siku zetu mbili za mapumziko, na mkate mmoja na majani ya chai. Tulikaa naye jikoni, akatusimulia habari za babu ambazo hatukupata kuzisikia. Sukari haikuulizwa na mtu.

Hatusemi msiende kwa wazazi. Atakayesikia hivyo ametusikia vibaya. Twasema kwenda kwa wazazi ni jambo moja, na kupumzika ni jambo la pili, na kujionyesha ni jambo la tatu. Tukiyafunga yote matatu katika gari moja, gari halipandi mlima.

MASHAURI MACHACHE

Kwanza, andikisheni livu mapema, ninyi na mwenzako wa zamu mkisikilizana, isije ikasemwa hakuna mtu wa kushika nafasi.

Pili, wekeni akiba kidogo kila juma, na aishike mtu mwingine. Mfuko wetu wenyewe tunaujua ulivyo na matundu.

Tatu, juma la kwanza msipange neno lolote. Laleni.

Nne, msichukue mkopo kwa ajili ya livu, hata kama simu yakuita kwa jina lako. Deni halina livu. Linafanya kazi hata wewe umelala.

Tano, ambieni mlangoni na majirani mapema kwamba mko livu, hamkufutwa. Mtaokoa maneno mengi.

Sita, msitafute kibarua kingine siku zile. Tunajua hili ni gumu, na hatuna uso wa kumhukumu mwenye njaa. Lakini ikiwa mshahara wa miezi kumi na miwili hautoshi mpaka mtu auze na pumziko lake, dawa yake ni kuja hapa mkutanoni na kudai mshahara kwa sauti moja. Tukiliziba pengo la mshahara kwa usingizi wetu wenyewe, hakuna atakayejua kwamba pengo lipo.

MWISHO

Bwana Mwenyekiti, tuna ombi moja kwa tawi. Ubaoni pale mlangoni ibandikwe karatasi yenye miezi kumi na miwili, na kila mwanachama aandike jina lake katika mwezi wa livu yake kabla mwezi huu haujaisha. Na asiyeandika, mwakilishi wa idara yake amwendee amwulize sababu, kwa upole. Labda tutakuta kuna mtu anayekatazwa, na hilo ni shauri la chama. Labda tutakuta kuna mtu anayeogopa aibu, na hilo ni shauri letu sote.

Karatasi hiyo tumekuja nayo leo. Jina moja tayari limeandikwa, mwezi wa Aprili, kwa mwandiko usionyoka vizuri. Ni la yule mwenzetu tuliyewasimulia, naye ameketi pale nyuma karibu na dirisha. Alituambia kabla ya mkutano kwamba anataka awe wa kwanza, na kwamba kuandika kwa mkono wa kushoto kumemchukua muda, kwa hiyo msimharakishe.

Nafasi nyingine zote zi wazi. Kalamu iko kwa Katibu.

Wenu katika kazi,
Mwanachama wa yadi.